Daftari la Manyoya

Ukurasa wa kwanza una doa la maji ya kuku.
Tarehe tatu Machi, soko la kuku, Shekilango.
Nimeandika kwa mwandiko wa mtu aliyetoka kuoga:
"Mtafiti amefika saa kumi na moja alfajiri.
Wanawake sita, mapipa mawili, moto wa mabaki ya mbao."
Mtafiti! Kana kwamba alikuwa mwingine,
kana kwamba mimi nilibaki Sinza nimelala
nikamtuma yeye aniletee habari.

Fomu ya ridhaa walitia dole gumba.
La yule wa pembeni lilikuwa limelowa,
likaacha kidimbwi kidogo cha wino
na unyoya mmoja, mweupe, wa kifuani.
Sikuutoa. Niliuona ni ushahidi,
ingawa hadi leo sijui wa nini.

Nikamwambia achague jina la kufichia lake.
Alifikiri huku akimzamisha kuku mara mbili,
akasema: "Niandike Mwantumu.
Ni jina la wifi yangu.
Kama humo mna aibu, imfuate yeye."
Walicheka hadi moto ukasahauliwa.
Nami nikaandika "kicheko", nikakipigia mstari.

Mwezi wa pili nilijisifu.
Iko hapa, ukurasa wa arobaini na moja:
"Nimezoea. Leo kuku ishirini na wanane.
Vidole havichubuki tena.
Wananichukulia kama mwenzao."
Dokta Rwegoshora alitia alama ya vema, wino mwekundu:
"Vizuri. Umezama."

Nimezama. Kama kuku:
sekunde kumi, kisha nikatolewa.

Usiku huu nimetandaza kurasa kitandani.
Kalamu ya kijani kwa fedha, ya njano kwa maumivu,
ya bluu kwa mambo ambayo sikuyaelewa,
na ya bluu imekwisha.
Umeme umekatika. Nasoma kwa tochi ya simu,
na tochi, kwa uchache wa mwanga wake,
inanilazimisha kupita mstari mmoja mmoja:

Jumanne. Sikujua: kienyeji. Mwantumu: kienyeji.
Bibi Pili: kienyeji, jogoo, kucha kama misumari.
Mimi: wa kisasa.
Jumatano, mimi: wa kisasa.
Alhamisi.
Mkesha wa Idi, foleni hadi barabarani,
mimi: wa kisasa, wa kisasa, wa kisasa.

Miezi minne
kuku wa wiki tano, ambaye manyoya yake
yanatoka kwa kuambiwa tu.
Wa kienyeji huyang'ang'ania
kama mjane na hati ya kiwanja.

Nani alipanga? Sina mstari hata mmoja unaosema.
Hapakuwa na kikao. Hapakuwa na konyezo,
au lilikuwepo, nami nimeinama naandika.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Nilipewa. Jembe la mpini uliolainishwa,
na tuta lililokwisha kutifuliwa kabla sijaamka.

Kumbe na wao walikuwa na utafiti.
Walinisoma vidole siku ile ya kwanza,
wakaandika mahali
ambapo mimi sina ruhusa ya kufungua.

Dokta anataka sura ya nne Ijumaa.
"Matokeo," anasema, "usiniletee hisia."
Nikashika ukurasa wa arobaini na moja niuchane.
Nikauacha. Chini ya alama yake nyekundu
nikaandika kwa penseli: si kweli.
Kisha nikafuta, nikaandika: waliniacha niamini.

Alfajiri nimerudi Shekilango bila daftari.
Nikaomba jogoo wa kienyeji.
Mwantumu akanitazama hadi maji yakachemka.
"Nani kakuambia?"
"Nimesoma nilichoandika."
Akamchagua mwenyewe, mwekundu, mzee kuliko ndoa nyingi,
akanitupia mapajani,
na kwa mara ya kwanza hakuja kunisaidia.

Ilinichukua dakika ishirini na mbili.
Sikuhesabu mimi.