Mstari wa Saba

Punta Arenas, upepo unang'ang'ania mabati,
na Yasna, mwalimu wa hesabu za biashara,
anayatazama majina thelathini na moja
yametulia kwenye kioo kama viatu mlangoni
mwa nyumba isiyo na sauti.

Aliwapa kurasa sitini kwa mkupuo,
chini yake agizo moja: Someni. Jibuni yote.
Akadhani amefundisha.

Saa tisa usiku ujumbe ukaingia
wa Odilia, mlinzi wa kiwanda cha kaa
kule Puerto Williams, asomaye kwa simu:
"Mwalimu, nimeshaingia. Nianzie wapi?"

Maneno manne. Hakulala tena.

Kulipokucha akazikata zile kurasa
kama anayemlisha mgonjwa:
kijiko, ngoja, kijiko.
Leo, daftari la duka moja la mikate.
Kesho, kosa lililojificha humo.
Akarekodi sauti yake, dakika nne tu;
upepo ulisikika nyuma, hakuufuta.
Akamwandikia kila mtu kwa jina lake:
"Bi Odilia, anza hapa. Ukikwama mstari wa saba
si wewe, mstari wenyewe mgumu.
Nipo hadi saa nne usiku."

Wawili hawakurudi kabisa.
Mmoja aliulizia ofisi ya ada.
Odilia alinyamaza siku tano,
na siku zote tano Yasna alipika
simu ikiwa kando ya sufuria.

Ya sita, picha: karatasi yenye doa la chai,
safu mbili za tarakimu, jumla zimelingana,
na pembeni, kwa kalamu inayokata wino:
"Kweli mgumu."