Elfu Sitini za Nabulwala

Saa nne usiku, Mbale. Wanale umejifunika wingu,
nami nimejifunika leso juu ya jaketi
nikitafuta shilingi elfu sitini
ambazo hakuna aliyeziiba.

Nabulwala wa Budadiri alileta kahawa Jumanne.
Kilo zikapimwa, risiti ikatoka, simu ikalia:
laki tatu na elfu ishirini na tano.
"Binti," akasema, "mashine yenu inakula."
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mistari elfu nane.

Maombi mawili yalifungua daftari lake kwa pamoja.
Yote yakasoma laki tatu na arobaini.
La kahawa likajumlisha sitini, likaandika laki nne,
likaenda zake.
La mbolea, lililokwama kidogo njiani,
likatoa kumi na tano katika kile lilichokisoma
na kuandika juu ya mwenzake.
Halikudanganya.
Lilikumbuka dunia iliyokwisha pita.

Nilipotia mistari ya kuchungulia, kosa likajificha.
Nilipoifuta, likarudi.
Wamono akasema: weka subira, nusu sekunde tu.
Subira huvuta heri, lakini hii
ingevuta foleni hadi Sironko msimu wa mavuno.
Nikaweka makufuli, la mkulima na la ghala;
ombi moja likashika hili, jingine likashika lile,
kila moja likimwambia mwenzake: achia kwanza.
Hata feni ya kompyuta ikanyamaza.

Kisha umeme ukakatika.
Gizani nikakumbuka kopo la maziwa la mama,
lenye mwanya juu ya kifuniko.
Tulikuwa watoto sita. Hakuna aliyeuliza
mna kiasi gani. Tulitumbukiza.
Aliyechukua aliacha karatasi.

Umeme uliporudi sikuliambia tena daftari
andika laki nne.
Nililiambia: ongeza sitini.
Nililiambia: toa kumi na tano.
Hesabu lijue lenyewe.
Nikalirushia maombi elfu kumi kwa mpigo,
yakatua yote, hata shilingi haikupotea.

Asubuhi nikampigia Nabulwala:
laki tatu na themanini na tano, mama, na utusamehe.
Akakaa kimya. Nikasikia kuku wake.
"Na Kakai, jirani yangu," akauliza,
"asiyejua kusoma risiti?"

Chai imepoa mezani.
Nimefungua daftari la zamani, Januari,
jina la kwanza.