Tani Moja ya Maji

Tangi ni la plastiki jeupe, ndani ya kizimba cha chuma.
Lita elfu moja. Maji hayapunji mizani:
lita elfu ni tani, Arizona au kwingineko,
na pikapu yangu iliundwa kubeba nusu yake.
Kwa aliyeniuzia, mzigo wangu ulikuwa kanda la usufi.
"Itavuta," alisema, akaipiga bodi kofi
kama mwuza ng'ombe.

Ikavuta. Miaka miwili,
mkia chini, pua juu,
usiku taa zikimulika nyota badala ya njia,
usukani mwepesi mkononi kama sufuria tupu.
Kila korongo ekseli iligonga chasisi, ngo!
na shangazi Lorinda, kando yangu, akihesabu:
"Kumi na moja. Kumi na mbili.
Ikifika thelathini nashuka, natembea na kondoo."

Novemba, jani la tatu la kamani likakatika.

Hoskie alilala chini ya gari, nje vikabaki viatu.
"Kamani huinama kama upinde," viatu vikasema.
"Hizi zimenyooka kama rula.
Kamani ikinyooka imekata tamaa."
Tukapiga jeki. Tukaegemeza chasisi kwenye magogo.
Nati zilikuwa zimeoana na kutu;
tukazipaka mafuta, tukazitia moto,
ya mwisho ikalia kama paka aliyekanyagwa.

Alikuwa na majani ya lori lililokufa,
yamelala ukutani nyuma ya trela yake.
Matano yakawa manane. Shokomzoba mpya, mbili.
"Hili la chini kabisa, nene, halifanyi kazi
mpaka mzigo ufike. Ni mjomba wa harusini:
amekaa tu, amekaa tu,
mpaka sufuria kubwa itake kuinuliwa."
Kisha akanielekezea spana kifuani:
"Nimekuongezea mgongo. Breki ni zile zile.
Ekseli ni ile ile. Mteremkoni
shuka kama umebeba mayai."

Malipo: nusu kondoo,
na matangi mawili ya maji,
maana hata kwa Hoskie bomba halijafika.

Safari ya kwanza, kwenda, tangi tupu,
gari liliruka kila tuta la mchanga mwekundu.
Chupa ya kahawa ikapaa. Miwani ya shangazi ikapaa.
"Umeninunulia punda!"
Kilomita arobaini, hakusema neno jingine
ambalo naweza kuliandika.

Kwenye pampu nikatia sarafu.
Maji yakaingia kwa kishindo, kisha kwa mnong'ono,
nami nikachuchumaa nyuma ya gurudumu nikitazama.
Mkia ukashuka vidole viwili.
Vitatu.
Ukasimama.
Jani nene lilikuwa limewagusa wenzake.

Kurudi, hakuna ngo. Taa zikaiona njia,
sungura akavuka, tukamwona sote wawili.
Halafu shangazi akalala, mdomo wazi,
na nyuma yetu tani moja ikijizungusha polepole
kama mtu anayegeuka kitandani.

Tangu siku hiyo amekataza safari tupu.
Kwa ajili ya mgongo wake, anasema.
Hivyo tunapita nyumba hadi nyumba, zilivyotawanyika,
kuuliza nani ana kitu cha kupeleka mjini:
injini ya Arvin, godoro, mbuzi mwenye jipu,
mashine ya kufulia ambayo haijawahi kuona bomba.

Leo asubuhi: magunia manne ya sufu,
betri mbili mbovu,
na mama Etcitty kiti cha katikati,
shavu limevimba, ana miadi na daktari wa meno.
Nikawasha gari. Shangazi akashuka,
akainama kwa shida, mkono kiunoni,
akachungulia chini ya bodi.

"Lile nene bado limelala," akasema.
"Zima. Tutafute kingine."