Daftari Jekundu

Mtaa wetu ulikuwa na maduka kumi na moja,
baraza moja ndefu ya saruji,
na mwarobaini alioupanda Vithaldas Thakrar
mahali alipozikwa mtoto wake wa kwanza,
maana wachanga wao hawachomwi.
Reli ilipita mbali, Mbulamuti.
Kwetu ilikuja pamba, kichwani na kwa baiskeli.

Alfajiri mbao za milango zilitolewa moja moja.
Nilizihesabu kitandani: saba za Thakrar, tano za fundi saa.
Kisha bizari ikilia katika mafuta ya moto,
kisha kengele ndogo ya Rambhaben akiamsha miungu yake,
kisha cherehani ya baba, pale barazani:
shilingi mbili kwa mwezi, kivuli bure.

Watoto wao walijua matusi yetu yote ya Kisoga.
Sisi tulijua ek, be, tran, mpaka kumi, basi.
Ndani hatukuingia.
Hansa alinipa peremende dirishani,
akaishika kwa ncha, vidole visigusane.
Hakuwa yeye; alimwiga bibi yake.
Nikala. Peremende haikujua lolote.

Msimu wa pamba
shangazi Nangobi alishusha gunia, akaitazama mizani,
mizani ikatazama chini kama bi harusi.
"Ratili sitini," Thakrar alisema.
Mgongo wa shangazi ulisema sabini,
lakini nani abishane na chuma?
Akachukua chumvi, kibiriti, kitambaa yadi nne,
na Thakrar akaandika kwa hati yao
yenye mikia, kama viluwiluwi dimbwini.

Halafu redio. Siku tisini.
Aliuza kwa bei ya kununulia, kisha nusu, kisha akagawa.
Asubuhi ya kuondoka Rambhaben aliumwagilia mwarobaini
kama mtu atakayerudi jioni kuukagua.
Ufunguo alipewa baba.
Wiki ya pili walikuja askari, hawakuuhitaji ufunguo.
Sukari ikaisha. Chumvi ikaisha.
Baba alishona kwa uzi wa kufumua.
Kilichobaki ni daftari moja, refu, jekundu,
miaka hamsini chini ya mguu wa kabati letu bovu.

Juzi kijana wa kiwanda cha sukari, Bhavesh, mtu wa Rajkot,
asiye na ndugu hapa hata wa kusingiziwa,
alipata pancha mbele ya nyumba.
Shangazi, miaka tisini na kitu, akaamuru:
"Mleteeni lile daftari."

Alisoma kwa kidole, akacheka.
"Babu yangu aliandika hivi hivi."
Kisha: "Nangobi. Chumvi, kibiriti, yadi nne.
Deni, shilingi kumi na moja. Mume mgonjwa, asidaiwe."
Akageuza ukurasa.
"Nangobi. Pamba, ratili sabini.
Zimelipwa sitini."

Yote mawili, kwa wino ule ule.

"Soma tena," shangazi alisema.
Akasoma.
"Tena."
Mara ya tatu alinituma karanga, kibaba kimoja.
"Mpe. Wasiseme nimekula chumvi ya watu nikanyamaza."

Na ratili zako kumi, shangazi?

Alinyoosha miguu, akatafuta kivuli kilikohamia.
"Hizo nitamdai mwenyewe."

Kijana alikuwa ameshajaza upepo.
Aliziweka karanga kwenye kofia yake ya chuma,
mbichi, zikiwa bado na udongo.