Macho Mawili

Ratiba nimeibandika kwa uji wa uwele
juu ya kitanda, pale chokaa ilipobanduka.
Saa kumi alfajiri: Fizikia.
Saa kumi na mbili: uji, mbio, mstarini.
Saa mbili usiku: Kemia. Saa tano: Hesabu.
Saa nane usiku nimeandika "marudio",
na kulala sikukuandika popote,
kana kwamba usingizi ni mgeni
atakayeelewa akikuta mlango umefungwa.

Panya wamekula kona ya Jumapili.

Hombolo Oktoba hii ni vumbi na jua,
bwawa limerudi nyuma, limeacha tope lenye nyufa,
nami nimetia miguu kwenye beseni la maji
nisije nikasinzia.
Nasoma mstari mmoja mara nne:
joto halipotei, hubadilika tu.
Mara ya tano herufi zinatawanyika
kama siafu waliomwagiwa majivu.

Mbonipa alianguka Jumanne, mstarini,
katikati ya ubeti wa pili wa wimbo wa taifa.
Tulidhani malaria.
Nesi akamfunua jicho kwa kidole gumba,
akauliza, "Umelala lini?"
Mbonipa akafikiri sana,
kama swali lina alama kumi.

Usiku ule nilihesabu nywele zilizodondokea daftari.
Kumi na saba. Nikaandika pembeni: n = 17.
Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikageuka kitu kingine,
nikakizima kwa shuka.

Nimwambie nani? Baba aliuza mbuzi wawili,
na wa tatu keshafungwa kamba kwa jina la ada.
Kila akipiga simu huuliza, "Vipi, unapambana?"
Hujibu, "Napambana,"
kwa sauti ya mtu aliyekwishapigwa.

Jumamosi shangazi Mwendwa akanikabidhi mkasi.
Habari za shule hakuuliza. Aliuliza kama nimekula,
akaniwekea ugali na mlenda,
akalalamikia bei ya zabibu
na yule mnunuzi wa mjini asiyepokea simu.
Tukaingia shambani kupogoa, yeye mstari huu, mimi ule.

Nilikata kwa huruma. Nikaacha vitawi virefu,
kila kimoja nikikionea haya.
Akaja nyuma yangu, akanipiga kibao cha mkono:
"We Lameki! Macho mawili! Kila tawi, macho mawili.
Ukiacha kumi mti haukatai,
utazaa kote kumi, zabibu chachu kama ndimu.
Nani atanunua?"

Na pale palipokatwa pakadondosha maji,
tone, tone, vumbini.
"Unalia," nikasema.
"Kesho utanyamaza," akasema, akasonga mbele.

Sikupata ufunuo. Nilipata malengelenge
na mgongo uliouma hadi kanisani.
Ila Jumapili jioni nilichukua kalamu nyekundu
nikaikata saa nane usiku.
Mkono ulitetemeka kama ninaiba.
Jumatatu nikamfuata Mwalimu Chedego, nikamtolea
lile nililolimeza tangu kidato cha tano:
"Mwalimu, kemia ya kaboni siielewi. Tangu mwanzo."
Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati.
"Wewe na nusu ya darasa," akasema. "Keti."

Jaribio la Ijumaa nilipata arobaini na tatu.
Nilipokuwa nakesha nilipata arobaini na moja.
Alama mbili zinathibitisha nini, sijui.
Mbonipa anasema ni kosa la kipimo.
Amerudi na barua ya nesi, anaionyesha
kama mtu aliyeshinda kesi.

Bado naogopa. Mei haijasogea hata siku moja,
na mbuzi wa tatu bado yuko kambani.
Lakini saa nne na nusu nazima taa ya sola,
upepo unapiga bati,
na gizani nawasikia panya wamerudi ukutani,
wanaitafuna Jumatatu.

Leo nawaachia.