Tarehe Moja Januari

Kampuni iliyokuwa ikinihifadhia picha
ilituma barua ya mistari minne:
mpendwa mteja, una siku thelathini.
Hapa Chiatura hata mwenye nyumba mkorofi
humwacha mpangaji mpaka baridi ipite.

Nikamwambia Zviadi, mtoto wa dada yangu:
sipangi tena. Najenga.

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.
Akaniletea kompyuta kuukuu ya ofisi ya mgodi,
feni yake ikikohoa kama mchimba manganizi.
Tukaiweka juu ya kabati, mbali na paka.
Paka akahamia juu ya kabati.

Miaka ishirini na sita niliendesha gari la waya,
nikiwapandisha wa zamu ya asubuhi,
nikiwateremsha wa usiku, weusi mpaka kope.
Najua kinachoning'inia kinahitaji nini:
kamba ya pili,
breki isiyotegemea umeme,
na mtu wa kusikiliza.

Jioni baada ya jioni nikaandika mstari, nikafuta miwili.
Picha zilikuja zimelala ubavu,
korongo zima limeegemea ukuta kama mlevi;
nikazisimamisha.
Zikaja pacha, daraja lilelile mara saba;
nikaifundisha mashine kutambua ndugu.
Nikatengeneza vijipicha vidogo kama mbegu za alizeti,
ukikigusa kimoja kinachanua.
Umeme ukakatika Jumanne. Ukakatika Alhamisi.
Nakala ya akiba nikaipeleka kwa Mzia, Zestafoni,
ndani ya soksi ya sufu, ndani ya sufuria.

Kisha nikafika kwenye tarehe.

Kamera ya Otari ilikuwa na betri mbovu.
Kila alipoitoa, saa ilisahau dunia
ikaanza upya: tarehe moja Januari, mwaka elfu mbili.
Hakuirekebisha hata mara moja, marehemu.
Basi nilipoiamuru programu ipange kwa siku,
ilimkusanya mume wangu wote mahali pamoja:
theluji na zabibu mbivu,
harusi ya Zviadi, mazishi ya mama,
mimi nina nywele nyeusi, mimi nina mvi,
saa sita na dakika tatu usiku, saa sita na dakika nne,
na jua linawaka kila mahali.

"Mistari kumi tu, mama mkubwa, tunazitawanya."
Tukaanza. Hii ni Septemba, naikumbuka ile gauni.
Hii ni mwaka mto ulipofurika.
Hii...

Ni gari langu, tupu, mlango wazi,
na pembeni kiwiko changu.
Alikuwa ananisubiri nimalize zamu?
Alikuwa amechelewa, na tuligombana?
Kiwiko hakisemi.

Nikaandika: haijulikani.
Mashine ikakataa. Kila picha sharti iwe na siku.

Nani kaweka sharti hilo?
Nikapekua msimbo mpaka nikalikuta,
mstari wa mia nne na kumi na mbili,
kwa mkono wangu mwenyewe, mwezi wa Machi,
nilipokuwa bado mwanafunzi mwenye adabu.
Nikalifuta.
Hapa ni kwangu.

Zviadi alikuwa keshalala kwenye kochi, viatu miguuni.
Nikaweka kidole juu ya kitufe cha kuifungulia dunia
na, kwa mazoea ya kazi,
nikasikiliza kwanza.

Feni ikakohoa.
Nikaachia breki.