Namba 0417

Chuoni Moshi mjini mwalimu alichora visanduku vitano ubaoni:
vifaa, programu, data, taratibu,
na cha tano, kidogo, pembeni, chaki ikiwa imemwishia,
watu.
Nilinakili vyote. Nikafaulu.

Sasa niko Uru, ofisi ya chama cha msingi,
kompyuta moja, dirisha moja,
na mizani ambayo mshale wake husimama kwenye kilo mbili
hata ikiwa tupu.
"Toa mbili," aliniambia karani wa zamani akinikabidhi funguo.
Hilo halikuandikwa popote.

Kazi yangu ni kuhamisha madaftari kumi na moja
kuyaingiza kwenye mfumo.
Yananuka moshi wa jikoni na maganda ya kahawa.
Kuna ukurasa chai ilimwagikia deni la mtu,
likafutika, au likaongezeka sifuri.
Naandika tu. Mashine haiulizi kama ni kweli,
inauliza kama ni tarakimu.

0417, Elingaya Salakana.
Misimu thelathini na miwili, hajakosa hata mmoja.
Kahawa safi, kavu, haijawahi kurudishwa.
Nilimpenda mtu huyu kabla sijamwona.

Siku ya malipo nikamwita kwa sauti.
Akasimama mwanamke, buti za mpira, tope hadi magotini.
"Elingaya yuko migombani."
"Aitwe basi, anatakiwa kuweka kidole."
Wakacheka, si kwa ubaya.
Mimi mtu wa Singida, ningejuaje
kwamba huku marehemu hulazwa migombani?
"Mwaka wa kumi na tisa huu," akasema.

Kumi na tisa.
Nikahesabu kurudi nyuma, daftari kwa daftari:
magunia yalikuja na miguu mingine
chini ya jina lile lile.

Kesho yake akaja shemeji mtu, Kalisti,
kadi ya chama mfukoni, imelaminishwa.
Mchana akaja kijana mkubwa na barua ya ukoo.
Wote wanataka 0417.
Nikajaribu, Mungu shahidi, nikajaribu kuwaandika wote wawili.
Kioo kikawa chekundu:
NAMBA IMEKWISHA TUMIKA.
Umeme ukakatika, wakanilaumu mimi.

Bi Aikaruwa alikuwa mlangoni, anafuta buti kwenye nyasi.
"Kwani hiyo namba ni isale?" akawauliza.
"Maana isale likipandwa mpakani halisogei.
Anayesogea usiku ni binadamu."
Kalisti akatazama dari.
"Wapiganie hiyo. Mimi nipe yangu."

Umeme uliporudi nikafungua ukurasa mpya.
Kidole gumba chake mashine ilikisoma mara ya nne,
kahawa imekilamba mistari.
1296.
Akairudia mara mbili, taratibu,
kama anayejifunza jina la mjukuu.

Tarehe ya kujiunga mfumo ukaijaza wenyewe: leo.
Misimu: 0.
Nikabonyeza sifuri ile. Haikubadilika.
Nikampigia simu aliyetengeneza mfumo, yuko Arusha.
"Ndivyo inavyotakiwa," akasema, "mwanachama mpya, sifuri."
Hakukosea. Ndiyo iliyoniuma.

Chini kabisa kuna kisanduku kinaitwa Maelezo,
nafasi sitini, hakuna anayekijaza.
Nikaandika:
Alileta kahawa misimu kumi na tisa kwa jina la marehemu. Taz
Hapo nafasi ikaisha.

Bi Aikaruwa alikwisha ondoka, ana ng'ombe wa kukatia majani.
Nikavuka barabara, nikanunua daftari, la kumi na mbili,
na ukurasa wa kwanza, kwa kalamu, nikamalizia:
ama 0417.
Na mstari wa chini yake:
mizani, toa mbili.